Kanda za mjomba: kabla hujafuta kelele, uliza ni ya nani

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Moshi, Majengo. Mjomba wangu alikuwa fundi redio hapa mjini. Amefariki na kuacha sanduku la bati lenye kanda za rili 14. Mwishoni mwa miaka ya sitini alisomea ufundi Ujerumani Magharibi, akarudi na muziki ambao nyumbani hawakuuelewa: milio ya vinu, treni, kengele, kanda alizokata kwa wembe na kuziunga upya. Nataka kuutoa kwenye CD. Fundi mmoja wa studio alinisafishia kanda mbili. Zimekuwa laini kabisa, lakini mama (mjomba ni kaka yake) alisikiliza dakika tatu tu akasema, "Huyu si kaka yangu." Moja ya hizo mbili ni kanda ya 4, boksi limeandikwa "Transfoma, usiku". Kanda ya 9 ina kwaya inayosikika kwa mbali ikiimba kinyumenyume. Kanda ya 11 ina mtoto anaimba kwa Kijerumani, sauti yake inavunjikavunjika. Na kuna bahasha ya zamani ya KNCU, kile chama cha ushirika wa kahawa cha Kilimanjaro, yenye kipande cha kanda kilichoungwa duara. Nimekosea wapi, na nifanye nini? Na je, CD bado ina maana siku hizi?

JIBU: Marahaba binti yangu, na poleni kwa msiba.

Kabla ya yote, mpigie simu yule fundi leo hii. Muulize swali moja: faili za mwanzo, zile alizoingiza kwenye kompyuta kabla hajazigusa, bado anazo? Kama anazo, asifute chochote, na wewe mpelekee diski azinakili. Kama hana, zile kanda mbili zitapigwa upya, lakini hazitapigwa kesho wala Moshi kwenye mashine yoyote utakayoipata. Zile 12 zilizobaki usizipige hata kidogo, hata kwa kujaribu sekunde kumi.

Sasa kuhusu mama. Namwamini kabisa. Yule fundi naye simlaumu, kwa sababu alifanya alivyozoea kufanya. Ukimpelekea wimbo wa bongo fleva, mali ni sauti ya mwimbaji na kinanda, na kila kinachosikika nyuma yake ni uchafu wa kuondolewa. Programu ya kusafishia hufanya kazi hivi: unaionyesha sekunde chache ambazo unadhani ni kelele tupu, inajifunza sura yake, halafu inakwenda kupunguza kila kinachofanana nayo kutoka mwanzo hadi mwisho. Ni chombo kizuri na mimi nakitumia kila wiki. Lakini ukikipa kanda iliyoandikwa "Transfoma, usiku", kelele unayokionyesha ndiyo muziki wenyewe.

Hebu tulitazame hilo la transfoma, maana ndilo kiini cha barua yako. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani unatetema mara 50 kwa sekunde. Transfoma inapovuma, mvumo wake mkubwa uko kwenye hezi 100, na juu yake kuna ngazi za 200, 300 na kuendelea. Nyaya mbovu za kurekodia nazo huingiza mvumo wa hezi 50 na ngazi zake: 100, 150, 200. Kwa hiyo mwenye studio akiona mistari hiyo kwenye kioo cha kompyuta, mkono wake unakwenda wenyewe kwenye kitufe cha kuondoa mngurumo wa umeme. Kitufe hicho hukata nyembamba kwenye kila ngazi, na kwenye wimbo wa kawaida husikii tofauti. Kwenye kanda ya 4 kimekata mwili mzima wa kazi. Kilichobaki, nakisia, ni wadudu wa usiku, labda gari moja likipita, na ukimya wa ajabu usio wa mahali popote. Mama yako aliishi nyumba moja na mtu huyu. Anajua kaka yake hakukesha nje usiku na mashine nzito ili arekodi nyenje.

Nimewahi kutenda kosa hilo hilo, na bado linaniuma. Miaka mingi iliyopita, nikiwa kijana na nimejifunza kusafisha sauti juzijuzi, mama mmoja mjane aliniletea hapa Arusha kanda ya marehemu mumewe akiimba kisimani. Kulikuwa na mkwaruzo unaokuja na kuondoka, nikauondoa wote, nikajivunia. Alipousikiliza aliniuliza, "Kamba iko wapi?" Ule mkwaruzo ulikuwa kamba ya ndoo ikipita kwenye gogo la kisima, na mumewe alikuwa akiimba kwa mapigo yake. Nilikuwa sijatunza nakala ghafi. Kanda yenyewe ilikuwa imekatika vipande wakati wa kuipiga. Tangu siku hiyo hakuna sauti inayoguswa mezani kwangu kabla nakala yake ghafi haijalala kwenye diski mbili, na diski mojawapo hailali nyumba hiyo.

Ili ujue cha kutunza na cha kutupa, inabidi ujue mjomba wako alikuwa katika ukoo gani wa muziki. Wafaransa waliwaita wanamuziki hawa watu wa mstari wa mbele, na sisi tunaweza kuuita muziki wa majaribio. Wengi watakwambia ulizaliwa Paris tarehe 5 Oktoba 1948, redio ya Ufaransa ilipotangaza kazi za Pierre Schaeffer, mhandisi wa redio aliyetengeneza muziki kwa sauti zilizorekodiwa za vitu. Mojawapo ilitokana na treni alizorekodi kwenye stesheni ya Batignolles. Mjomba wako na treni zake za reli ya Moshi angeelewana naye bila mkalimani.

Lakini miaka 4 kabla ya hapo, mwaka 1944, Mmisri Halim El-Dabh aliazima Cairo mashine ya kurekodia kwenye waya wa chuma, kwa sababu kanda za plastiki zilikuwa hazijafika. Akaenda kurekodi ngoma ya zaar, ngoma ya kutuliza pepo ambayo wahusika wake wakuu ni wanawake, jambo ambalo mtu wa pwani yetu hahitaji kuelezwa. Kisha akaingia studio, akaondoa sehemu ya sauti za msingi, akabakiza zile za juu na mwangwi wake, mpaka waimbaji wakawa kitu kingine kabisa. Kwa miaka mingi vitabu vilianzia Paris bila kumtaja. Kilichobadilisha mazungumzo ni CD iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikiwa na kipande cha dakika mbili hivi cha kazi ile. Dakika mbili tu ndizo zilizowafikia wasikilizaji, na zimetosha kumrudisha Mwafrika mwanzoni mwa hadithi. Nakueleza haya kwa sababu umeniuliza kama CD ina maana, nami nataka uone ukubwa wa kilichomo kwenye sanduku lako hata kama nyumbani walikiona cha ajabu.

Ujerumani nako, redio ya Cologne ilianzisha studio yake ya muziki wa elektroniki mwaka 1951, na hapo ndipo tunafika kwenye kanda ya 11. Mtoto anayeimba Kijerumani, sauti inavunjikavunjika na kuchanganyika na milio ya mitambo: karibu naweza kuapa kuwa hiyo ni nakala ya Gesang der Jünglinge, kazi ya mtunzi wa Kijerumani Karlheinz Stockhausen iliyokamilika mwaka 1956. Ina urefu wa dakika 13 hivi, pima uone. Mtoto yule alikuwa na miaka 12, na maneno yake ni wimbo wa vijana watatu katika tanuru la moto. Mwambie mama ni Shadraka, Meshaki na Abednego wa kitabu cha Danieli. Atakapojua hivyo, huenda akaisikiliza kwa sikio jingine. Mjomba wako pengine aliinakili alipokuwa masomoni, akarudi nayo kama mtu anavyorudi na kitabu.

Basi kanda ya 11 itunze, iandikie ni nini, lakini isiingie kwenye CD. Si kazi yake. Stockhausen alifariki mwaka 2007, na kwa sheria ya Ujerumani haki za mtunzi hudumu miaka 70 baada ya kifo chake. Isitoshe, yeye mwenyewe alizirudisha rekodi zake kutoka kampuni kubwa iliyokuwa nazo, na kuanzia mwaka 1991 akazitoa tena kwenye CD kupitia shirika lake mwenyewe, mfululizo mmoja wenye vijitabu vinene. Kama ndani ya kanda nyingine utasikia vipande vya mtoto huyo vimeungwa katikati ya treni za Moshi, hilo ni jambo jingine. Tutawaandikia wenye haki barua ya kuomba ruhusa, na kazi hiyo itangoja majibu.

Kwa kazi za mjomba mwenyewe, nenda kwanza kwenye mirathi. Hakimiliki ni mali kama shamba. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaziacha haki za mtunzi ziendelee miaka 50 baada ya kifo, na zinakwenda kwa warithi. Kama ukoo haujateua msimamizi wa mirathi na kumpeleka mahakamani athibitishwe, fanyeni hivyo kabla hamjachapa hata CD moja, kisha msajili kazi hizo COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi. Nimeona ndugu wakigombania kanda ambazo kwa miaka thelathini hakuna aliyezitazama. Mashine na kanda alinunua mwenyewe? Kama alirekodi akiwa kazini na kwa vyombo vya mwajiri, niambie, maana hapo mambo hubadilika. Na kwaya ya kanda ya 9 nayo ina wenyewe.

Hiyo kwaya ndiyo iliyonifanya nitabasamu niliposoma barua yako, kwa kuwa ni mtego ambao huwanasa hata mafundi wazoefu. Kwenye muziki huu, sauti ya kinyumenyume inaweza kuwa ya makusudi kabisa. Ni mbinu ya kwanza ambayo kila mwenye wembe na kanda huijaribu. Lakini kuna sababu nyingine isiyo na usanii wowote. Mashine nyingi za zamani zilirekodi nusu ya upana wa kanda, kisha unageuza rili unarekodi nusu ya pili kwa kurudi. Ukiipiga kanda hiyo kwenye mashine yenye hedi (kichwa kinachosoma kanda) pana kuliko ile iliyorekodia, inasoma nusu zote mbili kwa pamoja: moja inakwenda mbele, nyingine inarudi nyuma, kwa mbali.

Namna ya kutofautisha ni rahisi. Chukua faili, igeuze kwenye kompyuta isomeke kutoka mwisho. Kama kwaya sasa inaimba vizuri na inaendelea nyimbo nzima nzima, na utulivu kati ya wimbo na wimbo, kama ibada ya Jumapili, basi hiyo ni upande wa pili wa kanda, na tutaipiga upya kwa hedi sahihi ili kila upande usimame peke yake. Kama inakatika ghafla, inaingia pale tu kinu kinaponyamaza, inaondoka kinu kikirudi, basi huyo ni mjomba wako anafanya kazi, na mtu asiiguse. Kuna uwezekano wa tatu: miaka ya sabini kanda mpya zilikuwa adimu nchini, watu walirekodi juu ya zilizotumika, na mashine isiyofuta vizuri huacha mzuka wa sauti ya zamani. Mzuka huo huwa hauna sauti za juu, umefifia, na hauheshimu mipaka ya kazi mpya. Huo ndio uchafu wa kweli. Hata hivyo ningemuuliza mama kabla ya kuufuta.

Kuhusu kanda zenyewe. Sanduku limekaa wapi? Kama lilikuwa darini chini ya mabati, kwa joto la Moshi, lishushe leo. Liweke chumba chenye hewa, mbali na spika, mbali na dirisha. Masika huleta ukungu. Ukiona unga mweupe kwenye ukingo wa kanda usiupulize wala usianike juani; funga kwenye mfuko wa karatasi uniandikie.

Kisha nusa kila boksi. Harufu ya siki ina maana kanda ni ya asetati, aina mojawapo ya plastiki, na imeanza kuoza. Shika rili mbele ya taa ukiiangalia ubavuni: mwanga ukipenya, ni asetati, ukizuiwa, ni poliesta. Tofauti hii ni ya uhai na mauti. Kanda nyingi za poliesta za miaka ya sabini zilitengenezwa kwa gundi inayonyonya unyevu, na baada ya miaka zinanata, zinapiga mayowe zikipita kwenye mashine, na unga wa kahawia, ambao ndio sauti yenyewe, unabaki kwenye hedi. Dawa yake ni kuzioka kwa joto tulivu la nyuzi 54 hivi kwa saa nane au zaidi, kwenye chombo kinachodhibiti joto vizuri. Si oveni ya jikoni, tafadhali. Baada ya hapo unapata siku kadhaa za kuipiga kwa amani. Asetati ukiioka umeiua. Ndiyo maana sitaki mtu ajaribujaribu.

Viungo navyo. Kwenye spidi ya sentimita 38 kwa sekunde, mlio wa nusu sekunde ni kipande cha sentimita 19, na mtu aliyekata kwa wembe anaweza kuwa na viungo mia kwenye kazi ya dakika kumi. Gundi ya viungo imeshakauka. Vitafunguka kimoja kimoja, na kila kimoja itabidi tusimamishe mashine, tukisafishe, tukiunge tena palepale, kwa pembe ileile aliyoikata. Kanda moja inaweza kuchukua siku nzima. Kuna mafundi wanaoruka hatua hii, wanaviunganisha baadaye kwenye kompyuta. Mimi sikubaliani nao. Mlio wa kiungo chake, ule mruko mdogo kutoka sauti hadi sauti, umo katika kazi kama mshono ulivyomo katika nguo.

Spidi hupatikana kwa kusikiliza, na hapa ule mvumo wa umeme unageuka kuwa rafiki. Tukikuta kanda ambayo nyaya zake ziliingiza mngurumo, tunaupima. Ukisoma 50, mashine yangu inakwenda kama yake. Ukisoma 47, najua yake ilikuwa na kasi kuliko yangu, narekebisha. Umeme wetu wenyewe uliyumba miaka hiyo, kwa hiyo nalinganisha na ushahidi mwingine kama kengele ya kanisa ambayo bado ipo na inaweza kupimwa. Ukisafisha mngurumo mapema umetupa saa ya kanda.

Nakala ghafi nitaichukua kwa sampuli 96,000 kwa sekunde na biti 24, bila chujio lolote. Saa moja ya stereo inakula gigabaiti 2 hivi, kwa hiyo kanda 14 zinaingia kwenye diski ndogo tu. Huo ndio urithi. CD itatengenezwa kutoka kwenye nakala ya nakala hiyo.

Sasa kazi ya kusafisha yenyewe, na hapa naomba mama awepo. Nitampigia nakala ghafi naye ataniambia. Kuna vitu ambavyo sihitaji kumuuliza: mchakacho wa ukungu, mruko wa kanda iliyokunjika, mwangwi hafifu unaosikika sekunde moja au mbili kabla ya sauti kubwa kwa sababu matabaka ya kanda yamekaa yakigusana miaka hamsini. Hivyo ni uzee wa kanda, mjomba wako hakuviweka. Lakini mvumo wa "shwaa" wa kanda nitauacha, labda nipunguze kidogo tu pale unapokuwa mkubwa kuliko alivyouacha yeye. Ukiuondoa wote, ukimya kati ya sauti mbili unageuka shimo. Na mtu wa muziki huu huupima ukimya kwa uangalifu uleule anaoupima mlio.

Kwa sababu hiyo hiyo, sauti ndogo zibaki ndogo. Yule fundi wa studio lazima alipandisha kila kitu kiwe kikubwa sawasawa, kama wimbo unaotakiwa kushindana na injini ya daladala. CD ina nafasi ya desibeli 96 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa, kuliko mashine yoyote aliyowahi kuigusa mjomba wako. Kuipa nafasi yote hiyo halafu kuibana ni hasara.

Ile bahasha ya KNCU. Hicho ni kiduara: unaunga mwisho wa kanda na mwanzo wake, unakizungusha kwenye mashine, sauti inajirudia bila kukoma. Schaeffer alianza kwa kufanya hivyo kwenye santuri, akikata mfereji unaojifunga wenyewe ili sindano izunguke pale pale. Mwaka 1975 mwanamuziki Lou Reed wa Marekani alitoa santuri mbili za kelele za gitaa, na upande wa mwisho ukaishia kwenye mfereji wa namna hiyo: haukomi mpaka uinuke ukanyanyue sindano. Walipoitoa kwenye CD, mfereji ule ukajirudia dakika mbili na ushei, kisha ukafifia polepole hadi kimya.

Mimi sipendi kule kufifia. Kufifia kunamwambia msikilizaji kuwa kitu kimechoka, kimeondoka. Kiduara hakichoki, anayechoka ni mtu. Kama kiduara chenu kina sentimita 76, na spidi ni 19, kinajirudia kila sekunde 4. Ningekipa nambari yake peke yake mwishoni mwa CD, kikazunguka dakika tano, kisha nikakate katikati ya mzunguko, ghafla, kama umeme umekatika. Kwenye kijitabu tungeandika urefu wa kiduara kwa sentimita na kusema wazi kuwa dakika tano ni uamuzi wetu, si wake. Pengine mama anakumbuka kilikuwa kikizunguka muda gani jioni, na kama ni hivyo, muda wake ndio utakuwa muda wa CD.

Swali lako la mwisho. Ndiyo, CD ina maana, kwa muziki huu hasa. Upande wa santuri hubeba dakika ishirini na kitu, ndiyo maana kazi nyingi za aina hii zilikatwa katikati. CD hubeba dakika 74 hadi karibu 80 bila mtu kuinuka. Mtunzi Éliane Radigue wa Ufaransa ana kazi ya sehemu tatu, kila moja inakaribia saa nzima ya sauti inayobadilika taratibu kama kivuli cha Kibo mchana kutwa. Ilitolewa kwenye CD tatu, na kwenye santuri ingekatwakatwa. Kwenye simu nako, mtandao utachanganya kazi za mjomba wako na za mtu mwingine, utaweka tangazo kati ya kinu na treni. CD inashika mpangilio, na inashika karatasi. Rekodi ambazo Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alizichukua Tanganyika mwaka 1950 zilitolewa tena kwenye CD na Michael Baird wa kampuni ya rekodi ya SWP, Uholanzi, na ni pamoja na maelezo yake ndipo mtu anajua anachosikia ni zeze la nani na la wapi.

Kama mnataka nakala arobaini za ukoo na marafiki, tutazichoma kwenye kompyuta, CD nzuri, muzitunze mbali na jua kwa sababu zinaandikwa kwenye rangi inayofifia. Kama mnataka kuuza, zipelekwe kiwandani nje ya nchi zikachapwe. Huko oda huanzia mamia, kwa hiyo hesabuni fedha kwanza. Vyovyote iwavyo, msimwachie anayechoma programu iamue: nyingi huweka sekunde mbili za kimya kati ya kazi na kazi bila kuulizwa, na nyingine husawazisha ukubwa wa sauti. Zote mbili zizimwe.

Majina ya kazi yaandikwe kama yalivyo kwenye maboksi, pamoja na makosa yake ya herufi. Boksi lisilo na jina lisibuniwe jina. Piga picha kila boksi, ndani na nje, kabla hujalitoa kwenye sanduku, na uandike zilikuwa zimepangwaje.

Na kabla ya kupanda basi kuja huku, fanya kazi moja ambayo haihitaji fundi. Keti na mama, washa simu irekodi, mwulize kanda moja moja: alikuwa anaishi wapi alipoitengeneza, transfoma ilikuwa kona ipi, kinu kipi, nani alishika mikrofoni, wembe aliununua duka gani. Usimsahihishe na usimkatize. Akinyamaza, ngoja.

Baada ya hapo njooni wote wawili. Siku ya katikati ya wiki ni nzuri kwangu, umeme huwa tulivu asubuhi. Sanduku lipakate mapajani, lisiingie buti wala kukaa juu ya spika ya basi. Tutaanza na kanda ya 4. Bahasha ya KNCU usiifungue tena, ije kama ilivyo.